Oveni Inayozima Zamu ya Mkwe

Sajenti alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, kamba za viatu amezilegeza, akiitazama oveni iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kabisa. Hilo ndilo lililomchosha. Mtuhumiwa akikataa kusema unaweza kumbana, na shahidi akisahau unaweza kumkumbusha, lakini mashine inayougua usipokuwepo na kupona ukifika, utaianzia wapi? Alikuwa amefika bekari asubuhi mapema. Sasa jua lilishaingia kupitia dirisha la juu, na oveni bado ilikuwa inanguruma kwa raha zake, taa yake nyekundu inawaka, mikate ndani inageuka rangi.

Kituoni wenzake walimwita Kobe. Alijua sababu na hakuwa na ugomvi nayo. Mkuu wake alipomkabidhi kesi hii alimtaka aimalize leo leo: arudi na mtuhumiwa, au arudi na maelezo ya kueleweka. Vijana wa zamu waliangua kicheko. Mmoja aliuliza kama oveni itafungwa pingu kwenye mlango au kwenye waya. Kobe hakucheka. Miguu ilikuwa inamuuma, na alishajifunza kwamba kesi za kuchekesha ndizo zinazomaliza siku ya mtu.

Mlalamikaji alikuwa mwenye bekari mwenyewe, mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. Malalamiko yake hayakuwa marefu. Oveni yake ya umeme huzima katikati ya kuoka, mikate ikanywea, kisha hurudi yenyewe baada ya muda kana kwamba hakuna kilichotokea. Na ikizima, huzima zamu ya mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Zamu ya mwanawe haijawahi kuzima. Juma lililopita ilikuwa imeharibu mikate ya shule, na shule ikahamia kwa mwokaji mwingine. Mkwe huyo, kama kila mtu nyumbani anavyojua, anataka yeye na mumewe waondoke wakaanze maisha yao kwingine. Bi Mkubwa aliyaunganisha yote hayo akapata jibu: mkwe anaihujumu bekari ili ife, mume apate sababu ya kuondoka. Alitaka polisi wamchukue. Kuhusu mjukuu, msichana ambaye ndiyo kwanza ameanza kutambaa, alisema mbele ya meza ya kituo kwamba mtoto ni wa ukoo wao na haendi popote.

Sajenti alijua mambo hayo yanavyokwenda. Mwanamke akitolewa nyumba ile na polisi, hata akiachiwa jioni ileile, atarudi akute mlango umefungwa na mtoto yuko ndani. Hakupenda kumtenganisha mama na mwanawe kwa sababu ya mikate iliyonywea. Lakini kupenda si ushahidi, na mpaka muda huo hakuwa na kitu kingine mkononi.

Alikuwa ameanza na fundi. Fundi umeme huyo aliitwa Shoti, jina alilolipata siku yake ya kwanza kazini alipoutia mtaa mzima gizani, na ndiye aliyekuwa akiitwa kila oveni inapozima. Sajenti alimuuliza bila kuzunguka kama si yeye anayeiachia ugonjwa ili aitwe tena. Shoti hakukasirika. Alisema angekuwa polisi hata yeye angejishuku. Kila alipoitwa alikuta oveni inawaka. Alishakaza nyaya, alishabadilisha soketi, alishakaa kwenye gunia hilohilo akiisubiri izime mbele yake, ikamkatalia.

"Nimeichoka, afande," alisema. "Mke wangu anasema naitaja usingizini."

"Leo tutaichoka wote. Tuanzie nje."

Nje palikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma iliyoshikana ukuta na bekari, na Sajenti aliitazama kwa matumaini, maana mashine ya kuchomelea hunywa umeme bila haya. Mwenye karakana alianza kuapa kwamba hajawahi kumharibia jirani. Sajenti akamwambia asihangaike na kiapo, achomelee tu. Jamaa akachomelea geti zima huku Shoti amesimama bekari na mita yake. Taa ya darini ilikonyeza kidogo, mita ikashuka kidogo, oveni haikujali. Tena Bi Mkubwa na mkwe wake, kila mmoja alipoulizwa peke yake, walisema jambo moja: oveni inapozima, taa ya darini hubaki inawaka na breka ya umeme ukutani haishuki. Basi umeme unaingia bekari salama. Unafika mpaka kwenye oveni, na unapotelea humo humo.

"Kwa hiyo kuna mtu anaichezea," alisema Bi Mkubwa. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya Sajenti, amevaa nguo ya kutokea, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa mbele ya hakimu.

Mikate ilipotoka, Sajenti aliagiza oveni izimwe na umeme ukatwe ukutani. Shoti alichukua bisibisi aende kufungua bamba la nyuma. Sajenti alimwambia angoje. Alipiga magoti kwa shida, akamulika tochi. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimezibwa na unga uliochanganyika na mafuta ya kupakia trei, ukakauka ukawa mgumu. Alichokonoa kimoja kwa ukucha na ukucha ukavunjika. Akauliza bamba hilo lilifunguliwa lini mara ya mwisho. Shoti alijibu kwamba ni yeye aliyelifungua, kabla ya mkasa wa mikate ya shule. Na baada ya hapo oveni imezima tena? Bi Mkubwa alisema imezima, na si mara moja.

Skrubu iliyopitiwa na bisibisi huacha chuma kinachong'aa. Hizi zilikuwa zimelala chini ya uchafu wake bila kusumbuliwa, kwa hiyo hakuna mkono ulioingia mle ndani. Sajenti alilisema hilo kwa sauti ili kila mtu asikie. Bi Mkubwa akasema mjanja haachi alama, na Sajenti akakosa nguvu ya kubishana naye.

Shoti alifungua. Alipima koili zote za kupashia joto, zikawa nzima. Nyaya zilikuwa zimekaza, feni ndogo ya kupoza ilizunguka alipoijaribu. Juu kabisa, karibu na matundu ya kutolea joto, kulikuwa na swichi ndogo ya usalama iliyotosha kwenye kiganja. Kazi yake, alieleza Shoti, ni kukata umeme sehemu ile ya juu ikizidiwa na joto, na kuurudisha ikipoa. Sajenti alishtuka kidogo, maana tabia hiyo ilifanana sana na ya oveni. Akataka ipimwe tena mbele ya macho yake. Shoti aliichomoa, akaipasha kwa kiberiti cha gesi mpaka ikakata, akaiacha mpaka ikarudi.

"Nzima," alisema. "Inafanya kazi yake kama siku ilipotoka kiwandani."

"Na sehemu ya juu itazidiwaje na joto?"

"Feni ikifa. Na feni umeiona mwenyewe."

Sajenti alikuwa ameiona. Alirudi kwenye gunia lake na kuwaza kwamba kama mashine ni nzima, na umeme ni mzima, basi hakuna budi kurudi kwa watu, na watu ndio waliomchosha zaidi.

Mkwe alikuwa kwenye meza ya nyuma, anakanda unga. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mikono imejaa unga hadi viwikoni. Mlango wa chumba kidogo cha stoo ulikuwa wazi, na mtoto alikuwa amelala humo kwenye godoro jembamba. Sajenti aliuliza yale ya kawaida. Hapana, haigusi swichi ikishawaka. Hapana, hamwagi maji karibu yake. Ndiyo, inapozima wanakuwepo wawili tu, yeye na mama mkwe. Alijibu yote hayo bila kusitasita, wala mikono haikusimama.

"Dada, kabla haijazima, unaona nini?"

"Hilo mwulize baba wa mtoto."

"Baba wa mtoto hayupo zamu yako."

"Mwulize tu, afande."

"Nakuuliza wewe. Unajua kwamba mama mkwe wako anataka niondoke na wewe leo?"

Hapo ndipo alipoacha kukanda. "Najua. Nimeshamkusanyia mtoto nguo zake, kama mtaniruhusu kwenda naye." Kisha akarudi kwenye donge lake.

Sajenti hakulipenda jibu hilo. Katika kazi yake, mtu anayekutuma kwa mwingine ama anaficha kitu, ama amechoka kukisema. Aliona afadhali ashike hilo la kwanza, kwa kuwa ndilo linalopeleka watu mahakamani.

Mume alikuwa mbele dukani anawahudumia wateja. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kuutazama mlango wa ndani kabla ya kujibu swali lolote, hata la saa ngapi. Sajenti alimwambia kwamba mkewe ametaka aulizwe yeye. Aulizwe nini? Kinachoonekana kabla oveni haijazima. Mume akafuta kaunta iliyokuwa safi. Akasema mkewe ana hasira tu, afande asimjali, siku hizi nyumbani hakukaliki.

Basi Sajenti akaingiwa na wazo kwamba hawa wawili wako pamoja. Pengine mume anaacha kitu kimetegwa mwisho wa zamu yake, mke anaonekana mbaya, bekari inakufa, nao wanaondoka bila lawama kwa mama. Alilifuata wazo hilo kwa subira yote aliyobaki nayo. Mume alikiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutaka kuondoka, zamani, baba yake akiwa hai. Baba alipofariki akashindwa kumwacha mama peke yake, na mke akabaki anangoja ahadi iliyokuwa imeshakufa. Je, anajua mambo ya umeme? Hajui hata kidogo. Shoti, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, alithibitisha kwa furaha kwamba aliwahi kuitwa na mtu huyu kuja kuwasha swichi ya ukutani. Wazo la Sajenti likafia hapo.

Akarudi ndani. Mkwe alikuwa ameingiza mikate mingine na oveni inanguruma tena, haina habari na mtu. Bi Mkubwa alimmiminia Sajenti chai, akamuuliza kwa upole kama anamchukua mkwe kabla ya chakula au baada yake. Hakuwa mwanamke mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu ya kutolala, na alipotaja bekari alimtaja marehemu mumewe kila sentensi, kama mtu anayeogopa kusahau. Sajenti alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimchosha kuliko magoti.

Alimuuliza jambo la mwisho kwa kukosa jingine la kuuliza.

"Bi Mkubwa, zamu ya mwanao wewe huwa wapi?"

"Nyumbani. Napumzika. Mwanangu hana haja ya kuangaliwa."

"Na zamu ya mkwe?"

"Nakuwepo hapa tangu mwanzo mpaka mwisho. Nisipokuwepo nani atamwangalia?"

Sajenti alishusha kikombe. Siku zote hesabu ilikuwa imefanywa upande mmoja tu. Siku oveni inapozima, mkwe yupo, sawa. Lakini siku hizohizo na Bi Mkubwa yupo, na siku ambazo haizimi Bi Mkubwa hayupo. Kisha akawaza juu ya leo. Leo ni zamu ya mkwe. Umeme ni uleule, mkwe ni yuleyule, na Bi Mkubwa naye yupo. Kwa nini haijazima? Alimtazama yule mama kwenye kiti chake cha plastiki, na nguo yake ya kutokea, na mikono iliyotulia mapajani tangu asubuhi kwa heshima ya polisi. Leo Bi Mkubwa alikuwa mgeni katika bekari yake mwenyewe.

Hakumwambia chochote kati ya hayo. Alimwambia tu kwamba anataka kuiona siku ya kawaida, kila mtu afanye kazi yake kama vile yeye hayupo, na Bi Mkubwa afanye kila anachofanya zamu ya mkwe. Mume akaitwa ndani, duka likafungwa kwa muda. Bi Mkubwa alifurahi kusikia hivyo. Alifunga aproni juu ya nguo yake nzuri, akazunguka akikagua, akakuta kosa kwenye trei, akakuta kosa kwenye meza, kisha akachukua vitambaa vyeupe vya kufunikia unga unaoumuka. Vilikuwa vimeshafuliwa. Yeye akavifua upya.

"Huyu hufua kwa haraka," alimweleza Sajenti bila kumtazama mkwe. "Kitambaa kikibaki na uchachu, mkate unachacha."

Alivikamua, akavikunja mara mbili, akavuta kigoda, akapanda. Akavipanga juu ya oveni, upande wa nyuma, kimoja baada ya kingine, akivipapasa vilale vizuri. Kazi hiyo aliifanya taratibu na kwa upendo, na mara moja uso wake ukawa kama wa mtu aliyepata usingizi. Mume alikuwa anatazama sakafu. Mkwe alikuwa ameacha kukanda na anamtazama mumewe. Sajenti aliwaona wote wawili.

Wakangoja. Shoti alisinzia akiwa amesimama. Mikate ilikuwa ndiyo inaanza kupanda kwenye kioo cha mlango, pale ngurumo ilipokatika, taa nyekundu ikafa, na bekari ikawa kimya. Taa ya darini iliendelea kuwaka.

"Umeona," alisema Bi Mkubwa. Hakupaza sauti. Alimnyooshea mkwe kidole na papo hapo akawa anapanda kigoda kuondoa vitambaa vyake.

"Viache, Mama," alisema Sajenti.

"Vitanuka. Oveni ikizima huwa naviondoa, na fundi akija akute pasafi."

"Viache. Shuka tafadhali."

Alishuka. Shoti alikuwa ameshaamka kabisa. Alinyoosha mkono juu ya vitambaa akaurudisha haraka, kisha akainua ncha ya kimoja. Chini yake yalikuwepo matundu ya kutolea joto, safu nzima, yamefunikwa gubigubi, na hewa iliyotoka ilikuwa ya moto kiasi cha kumfanya ageuze uso. Aliondoa vitambaa vyote. Wakangoja tena, oveni imelala, mpaka ndani ya bamba la nyuma kitu kidogo kikalia ta, na taa nyekundu ikawaka, na ngurumo ikarudi.

Shoti alieleza kwa sauti ya chini. Swichi ya usalama ilikuwa sahihi siku zote. Feni inazunguka, lakini joto halina pa kutokea, kwa hiyo linarudi juu, swichi inakata. Oveni ikizima vitambaa vinaondolewa, joto linatoka, swichi inarudi. Fundi anapofika anakuta matundu yako wazi na oveni inawaka. Alisema angeweza kukaa kwenye gunia lile mpaka azeeke na asingeiona, kwa kuwa siku aliyokaa, Bi Mkubwa hakufua kitu mbele ya mgeni.

Bi Mkubwa alisikiliza huku ameshika vitambaa kifuani, vinamlowanisha. Alianza kueleza kuhusu oveni ya zamani, ile ya matofali aliyoijenga marehemu kwa mikono yake. Juu yake palikuwa na mahali bapa pa kuanikia, na marehemu alimfundisha alipoolewa kwamba kitambaa kikilala juu ya moto mkate wake haupati ukungu. Ilipokuja ya umeme aliendelea palepale alipozoea. Hakujua kuwa hii inapumua kwa juu. Alirudia mara kadhaa kwamba hakujua, na kila mtu mle ndani alimwamini.

Sajenti angeweza kufunga viatu vyake na kuondoka. Maelezo ya kueleweka alikuwa nayo, mkuu angeridhika, na miguu ilimwomba aende. Lakini kuna swali aliloelekezwa pa kuliuliza na hakuwa ameliuliza vizuri.

Alimgeukia mume. "Mkeo alisema nikuulize wewe. Alikuambia nini?"

Mume aliutazama mlango, lakini safari hii mama yake hakuwa upande wa pili. Alikuwa amesimama mbele yake.

"Aliniambia ni vitambaa," alisema.

"Lini?"

"Zamani. Kabla ya mikate ya shule. Alivigusa siku ilipozima, akaona palivyo na moto. Nikamwambia asimwambie Mama. Vile vitambaa ni mambo ya marehemu baba, na neno hilo likitoka kinywani mwa mkwe litakuwa vita. Nilimwomba aniapie. Nilijua fundi ataligundua mwenyewe, lisemwe na mtu wa nje, yaishe."

"Na Mama alipokuja kituoni?"

"Nilidhani nanyi mtaligundua."

"Na kama nisingeligundua?"

Mkwe alijibu badala yake, na hakuna aliyekuwa ametarajia kusikia sauti yake.

"Ningeenda kituoni, afande. Usiku nilimwuliza, kesho wakija kunichukua utasema? Akasema tulale kwanza."

Bi Mkubwa aliketi kwenye kigoda. Alimtazama mwanawe kama anayetafuta mahali pa kumshika asipapate. Kisha akamtazama mkwe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamwita mwanangu. Alisema amekosa, amemkosea sana, na anamwomba abaki. Angemwandikia barua mwalimu wa shule kwa mkono wake mwenyewe, angemwambia mtaa mzima. Alisema oveni imepona na mambo yote yatarudi kama zamani.

"Oveni imepona, Mama," alisema mkwe. "Mimi bado."

Alifungua aproni, akaikunja, akaiweka mezani kando ya donge ambalo lilikuwa limeanza kuumuka bila mtu wa kulishughulikia. Alinawa mikono mpaka viwikoni, polepole, akijikuna unga uliokauka. Hakuwa analia. Bi Mkubwa aliinuka ghafla akatangulia kuingia stoo, na Sajenti naye akainuka, maana alikumbuka maneno yaliyosemwa mbele ya meza ya kituo na alijua milango inavyofungwa. Alijilaumu kwa kutomweka Shoti pale mlangoni.

Bi Mkubwa alitoka na mtoto begani, bado ana usingizi, na mfuko wa nguo zake mkononi. Hakuelekea mlango wa nje. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa mkwe, akasimama nyuma yake. Mkwe akaelewa, akainama. Yule mama akampandisha mtoto mgongoni, akamzungushia khanga, akaivuta, akaifungua tena, akaivuta upya mpaka fundo likakaa. Alichelewa kuliachia.

"Nenda na mwanao," alisema.

Mkwe alichukua mfuko, akamuaga Sajenti kwa heshima, akapita dukani, akafungua mlango wa mbele mwenyewe na kutoka. Hakukimbia. Kwenye kioo cha oveni mikate ilikuwa imenywea yote, na Shoti, asiyejua aitazame wapi, alikuwa anaitazama hiyo.

Mume ndipo alipozinduka. Alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, mama fulani, kwa sauti ya kukatika, akaelekea mlangoni na aproni yake na mikono mitupu. Mama yake alikuwa ameshafika hapo kabla yake. Alikuwa mdogo wa umbo na mlango ulikuwa mpana, lakini hakupitika.

"Niache, Mama. Nikamwambie."

"Ulikuwa na siku zote hizi za kumwambia." Alikuwa anasema kwa utulivu, kama anayemwelekeza mtu kazi. "Alikuwa anakungoja useme. Sasa na wewe ngoja. Akitaka kukusikia atakuita."

Mwanawe alisimama pale alipo. Bi Mkubwa alibaki ameushika mwimo wa mlango, akimtazama mwanamke na mtoto mpaka walipokata kona. Kisha akasogea kidogo, ili Sajenti apite.